Fundi Nukta anazunguka kufuta neno ‘salama’

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi. Fundi Nukta amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, nyuma ya sanduku la mvuke linalomzidi kimo. Bisibisi ameiuma mdomoni, kompyuta mpakato ameiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa, na waya mwembamba wa kijivu umetoka kwenye kompyuta ukaingia tumboni mwa mashine. Wafanyakazi wa kiwanda hiki, ambao kazi yao ni kufua shuka za hospitali tatu, wanampita na vitoroli vyao na kumtazama kama mtu aliyedondosha hereni.

"Bado dakika mbili," anasema na bisibisi yake mdomoni, na hakuna anayemwelewa.

Fundi Nukta ni jina alilopewa na wenzake wa zamani, likamganda. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mke wa mpaka rangi na mama wa binti mmoja. Kazi yake ni kuchora nyuso za mashine: kile kioo kidogo chenye namba, vitufe na maneno ambacho mtu hukiona mbele ya mizani, pampu au boila kabla hajagusa kitu.

Anachomoa waya, anazunguka mbele na kumwashiria msimamizi wa zamu afungulie mvuke. Namba kwenye kioo inapanda: sifuri, nusu, moja, moja na nusu. Chini ya namba, ndani ya kisanduku kisichozidi upana wa kucha mbili, neno jeusi linajichora: HATARI.

Anashusha pumzi. Halafu anaiona plasta.

Ni kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, kimebandikwa juu ya kioo chenyewe, kushoto mwa neno, pale ambapo pana picha ndogo ya mlango. Juu ya plasta mtu ameandika kwa wino mzito herufi mbili: SI. Ukisoma kwa pamoja, plasta na kioo, mashine inasema SI HATARI. Nyuma ya mlango wake kuna mvuke wa kubambua ngozi.

"Hiyo tulibandika sisi, fundi," anasema msimamizi wa zamu, tena kwa fahari kidogo. "Mwaka juzi. Kioo kilikuwa kinasema salama hata presha ikipanda. Tukasema tukisaidie."

"Na presha ikishuka?"

"Ikishuka nayo inasema si salama. Tulishazoea. Siku hizi hatuisomi."

Fundi Nukta anaibandua plasta kwa kucha. Inatoka vipande vipande. Gundi inayobaki anaisugua kwa ncha ya mtandio wake mpaka kioo kinang'aa, kisha anasimama mbele yake muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji. "Ningeondoka," anasema tukiwa nje, mikono yake bado inanuka sabuni ya watu wengine. "Ningefunga begi langu nikaenda zangu nikijiona mtu mwema. Nyuma yangu ningeacha mashine mbaya kuliko niliyoikuta."

Hii ilikuwa ya ishirini na moja. Imebaki moja, na huko wamemfukuza langoni mara nne.

Ili kuelewa kwa nini mwanamke mwenye akili zake anatumia Jumamosi zake kufuta neno zuri kama salama, na hakuna anayemlipa hata nauli, inabidi kurudi kwenye karakana alikofanya kazi miaka kumi na miwili.

Karakana ile hutengeneza bodi za kuongozea mashine. Bodi moja ni kama kiganja, ubongo wake ni kidude chenye ukubwa wa ukucha, na kumbukumbu yake ni ndogo kuliko ya simu ya tochi. Kidude kama hicho hakibebi mapambo. Kinataka lugha ya C, lugha ya kompyuta iliyomzidi Fundi Nukta kwa umri na ambayo vijana wengi wa fani hiyo huikimbia.

"Lugha za siku hizi ukitaka kitufe unaagiza, kinakuja kimeoga na kunyoa," anaeleza. "Kwenye C hakuna anayekuletea kitu. Unaanza na nukta. Hii iwake, hii isiwake. Ukimaliza una mstari. Ukiwa na mistari minne una kisanduku. Ndani ya kisanduku unaweka herufi, nayo umeichora mwenyewe nukta kwa nukta. Kisha unakiambia kioo kidole kikigusa hapa, fanya vile. Hapo ndipo unapata kitufe kimoja, na jua limezama."

Kioo cha sanduku la mvuke kina nukta mia moja ishirini na nane kwa upana na sitini na nne kwa kimo. Zote anazijua. Herufi zake alizichora kwanza kwenye daftari za hesabu zenye vijumba, kila herufi ikikaa kwenye vijumba vinane kwa upana. Binti yake alimaliza darasa la sita akilalamika kwamba nyumbani kwao daftari la hesabu haliishi kwa kuandikwa hesabu.

Mumewe, mtu wa maneno, ana maelezo yake. "Mimi napaka ukuta, yeye anapaka nukta. Tofauti ni kwamba mimi nikikosea, hata mpita njia anajua."

Mbele ya mkewe huyasema hayo akicheka. Mkewe akiingia jikoni, hacheki.

Miaka mitatu iliyopita karakana ilipata oda ya bodi ishirini na tatu za masanduku ya mvuke, yale makabati makubwa ya chuma ambamo shuka za wagonjwa hupikwa kwa mvuke kuua vijidudu. Sanduku likiwa na mvuke ndani, mlango haufunguliwi. Zamani palikuwa na kipimo cha mshale kando ya mlango. Kilitolewa, kwa sababu sasa kulikuwa na kioo, na kioo kingemwambia mfanyakazi kwa neno moja kama mlango unafunguka au haufunguki.

Neno hilo Fundi Nukta alilichorea kisanduku chake. Maneno ya awali yalikuwa ya Kiingereza na lile refu kuliko yote lilikuwa na herufi sita. Herufi sita mara nukta nane ni nukta arobaini na nane, basi kisanduku kikawa na upana huo huo, kimekaa barabara. Maneno aliyaegemeza kulia ili yaishie mstari mmoja na namba iliyo juu yake.

"Kwa nini kulia? Kwa sababu lilipendeza," anasema. "Sina sababu nyingine. Niliegemea kiti nikalitazama, nikaona limependeza."

Akaweka na sheria moja: neno likizidi kisanduku, kinachozidi kikatwe, kimya kimya. Fundi yeyote wa C angefanya hivyo. Katika lugha hiyo ukiandika nje ya mpaka wako hakuna anayekukanya. Unaandika juu ya kumbukumbu ya jirani, na jirani huyo anaweza kuwa ndiye anayehesabu presha. Kukata ni tahadhari. Alijifunza chuoni, akiwa mwanamke pekee darasani, na mwalimu aliirudia mpaka ikamkaa kichwani kama dua.

Kisha ikaja Alhamisi moja, saa saba mchana. Bosi wa karakana alifika mezani kwake na karatasi moja iliyopigwa chapa. Mteja alitaka mashine ziseme Kiswahili. Lori lilikuwa linaondoka saa kumi.

"Nikamwambia bosi, nipe wiki moja. Kila kisanduku lazima nikipime upya, maneno yetu ni marefu. Akaniambia, wiki ya nini, mama? Unatafsiri au unajenga nyumba? Badilisha maneno tu. Maneno si kazi."

Maneno yalikuwa thelathini na moja. Aliyabadilisha kwa saa tatu kasorobo. Mawili yalizidi vitufe vyake, akayaona, akayafupisha. Neno la mlango, kwenye karatasi, liliandikwa SI SALAMA. Alilinakili kama lilivyo. Kisha akawasha mashine moja iliyokuwa bado haijapakiwa, ikiwa baridi, haina hata tone la mvuke, nayo ikaandika SALAMA. Ilikuwa kweli. Vibarua walikuwa wamesimama mlangoni na kamba mkononi, na hapakuwa na boila ya kuipandisha presha. Akasaini.

Sasa hesabu ndogo, ambayo Fundi Nukta huirudia kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma hukumu. SI SALAMA, ukihesabu na nafasi ya katikati, ni herufi tisa. Mara nane, nukta sabini na mbili. Kisanduku kina arobaini na nane. Zimezidi ishirini na nne, yaani herufi tatu. Neno limeegemea kulia, kwa hiyo kinachokatwa ni cha kushoto. Herufi tatu za kushoto ni S, I, na ile nafasi.

"Ingekatwa vibaya watu wangeshtuka," anasema. "Ingebaki nusu herufi, mtu angeuliza hiki nini. Ningeegemeza kushoto ingesomeka SI SAL, hata mtoto angejua hapa pana kasoro. Lakini imekatwa safi. Hata mshono huoni. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wahenga walisema. Hizi zilipofika ukingoni ziliacha nyuma neno zima, lenye afya, linalosema uongo. Presha ikiwa chini, SALAMA. Presha ikiwa juu, SALAMA.

Baadhi ya viwanda viliona. Vilipiga simu karakana, vikaambiwa visome kitabu cha maelekezo. Kimoja kikabandika plasta. Vingine vikafanya kile ambacho watu wa kazi za mikono hufanya tangu dunia iumbwe: vikazoea.

Mwezi wa saba baada ya lori kuondoka, mfuaji mmoja ambaye jirani zake humwita Mama Pacha alifungua mlango wa sanduku lililojaa mvuke.

Mama Pacha ana miaka hamsini na minne. Anaishi kwenye chumba kimoja chenye pazia la maua na kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, pamoja na mmoja wa wanawe pacha, ambaye sasa ni dereva. Mikono yote miwili, kutoka vidoleni hadi juu ya viwiko, ngozi imejikunja na kung'aa. Upande wa kushoto wa shingo vilevile. Vidole havikunji. Kikombe cha chai anakibana kwa viganja viwili, na anayekuja kumtembelea hujifunza kutokimbilia kumsaidia.

"Ile mashine nilikuwa naisalimia," anasema. "Kila asubuhi. Nikifika namwambia, salama wewe? Naye anaandika salama. Wenzangu wakinicheka. Nikawaambia afadhali huyu, ana adabu kuliko nyie."

Siku ile pia aliisalimia. Wa zamu iliyotangulia alikuwa ameacha mvuke ndani akaenda kuita fundi wa bomba. Komeo la mlango lilikuwa limelika siku nyingi.

"Namba niliiona. Lakini namba ni za wakubwa, sisi tulifundishwa neno. Neno likasema salama." Anakiweka kikombe chini, polepole. "Sasa nimekaa nawaza. Sisi wenyewe si ndivyo tulivyo? Mtu ana homa, mume kamkimbia, nyumba inavuja, ukimuuliza habari yako anasema salama. Mashine ikaiga kwetu."

Fundi Nukta alikwenda kumwona mara ya kwanza miezi minne baada ya ajali. Wakati huo karakana ilikuwa imeshamfukuza. Barua ilisema uzembe, na haikutaja karatasi ya bosi wala lori la saa kumi. Walitupa jongoo na mti wake. Leo anachora vioo vya mizani kwa kulipwa kazi kwa kazi, na mwezi ukiwa mzuri anapata theluthi ya alichokuwa akipata.

Alikaa kwenye kigoda, akaeleza yote: kisanduku, nukta, herufi tatu. Alidhani atatukanwa, na anakiri alikwenda akitaka kutukanwa. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu. Mbona hukuandika hatari?"

Fundi Nukta alihesabu kwa vidole juu ya goti lake. H, A, T, A, R, I.

"Sita," anasema sasa. "Herufi sita. Inaingia barabara, hata nukta moja haipungui wala haizidi. Neno nililolijua kabla sijaenda shule. Limeandikwa kwenye kila nguzo ya umeme. Mama yule hajawahi kugusa kompyuta, na kwa swali moja alifanya kazi niliyosomea miaka mitatu."

Aliporudi nyumbani siku ile aliitafuta ile karatasi ya bosi. Alikuwa ameihifadhi kama ushahidi wa kujitetea. Pale penye SI SALAMA palikuwa na neno jingine chini yake, limekatwa kwa kalamu nyekundu. Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Karani aliyetafsiri alikuwa ameandika HATARI. Baadaye karani huyo alimweleza kwamba bosi alilikata mwenyewe: neno hatari kwenye mashine mpya lingewatisha wanunuzi. Si salama lilikuwa na lugha ya upole zaidi.

"Mkato ule niliuona siku ile ile," Fundi Nukta anasema. "Ulikuwa mbele ya macho yangu. Sikuuliza kwa nini. Ndiyo maana watu wakinilaumu kwa kosa la bosi nakasirika, na wakinisamehe kosa langu nakasirika zaidi."

Aliitengeneza programu upya kwa siku mbili, mezani kwake, kati ya sufuria na cherehani. Akabadilisha neno. Akabadilisha na ile sheria: sasa neno likizidi kisanduku, kioo kizima kinazimika na kufanya mistari, ili mtu yeyote ajue kuna ugonjwa. Kisha akaipeleka karakana, bure, wapeleke kwa wateja wote. Fundi kijana aliyechukua kiti chake aliipokea kwa adabu na kuitia kwenye droo.

Kwa hiyo alianza kuzunguka mwenyewe. Orodha ya viwanda alikuwa nayo kichwani. Mashine iliyomuunguza Mama Pacha ilikuwa imekwisha kung'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Zilibaki ishirini na mbili. Kwingine walimkaribisha kwa chai. Kwingine walimuuliza ni wa dini gani. Kiwanda kimoja kilimtaka alipie umeme wa kompyuta yake, akalipa. Imemchukua mwaka mmoja na miezi miwili.

Bosi wa karakana alipopigiwa simu na gazeti hili alizungumza kwa ufupi. "Suala hilo tumelifunga," alisema. "Mhusika alichukuliwa hatua. Mkaguzi wa usalama kazini ametuandikia, na mashine zilizobaki tutazishughulikia wiki hii hii." Alipoulizwa ni ngapi zilizobaki, alisema angeuliza.

Ilikuwa moja. Ile ya kiwanda kilicho nyuma ya stendi ya malori, ambako meneja hataki hata kusikia jina la Fundi Nukta. Mara ya kwanza alimwambia aandike barua. Mara ya pili barua haikuonekana. Mara ya tatu na ya nne mlinzi alikuwa ameshapewa maelezo yake: mwanamke mrefu, begi jeusi, asiingie.

Ijumaa iliyofuata, saa kumi jioni, Fundi Nukta yuko nyumbani, anachora namba nane ya mizani ya muuza samaki. Namba nane ni ngumu, anasema, matumbo yake mawili hayataki kulingana. Mumewe ameketi mlangoni anaosha brashi kwenye kopo. Simu inaita. Ni mkunja shuka wa kile kiwanda cha mwisho, mwanamke waliyefahamiana langoni, ambaye humpa habari za ndani. Fundi Nukta anaweka spika.

"Dada, pokea hongera," sauti inasema. "Karakana wamekuja leo. Vijana wawili. Wamechomeka waya wao, dakika kumi, wameondoka. Kioo kimebadilika."

Fundi Nukta anafumba macho. Mumewe anaacha brashi. Kwa kitambo kidogo nyumba hii ina furaha, na inastahili kuandikwa, kwa kuwa haikudumu.

"Wameweka programu gani?" anauliza. "Kinasema nini?"

"Ile ya kwako, dada. Ile uliyowapelekea. Sasa hivi presha iko juu, kinasema si hatari."

Fundi Nukta anaisogelea simu.

"Kinasema nini?"

"Si hatari."

"Soma herufi, mdogo wangu. Moja moja."

Mkunja shuka anasoma. S, I. Kisha H, A, T, A, R, I. Kisha anaongeza, kwa kuwa anaona kama hajaeleweka, kwamba ile SI si ya kwenye kioo. Ile meneja aliiandikisha mwaka juzi, walipoona kioo kinasema salama tu. Hakutaka plasta, alisema plasta ni uchafu. Aliita mchora mabango. Rangi ya mafuta, nyeusi, herufi zimelingana kabisa na za mashine, huwezi kujua.

"Wale vijana hawakuiona?"

"Wangeionaje? Imependeza."

Fundi Nukta anaweka kalamu chini. Anamwambia azibe kwa chochote, karatasi, kitambaa, hata donge la ugali. Mkunja shuka anasema hawezi, kuna kamera juu yake, na anayegusa mashine isiyo yake anakwenda nyumbani. Anamwambia basi awaambie wenzake watazame namba, wasitazame neno.

"Zamu yangu nitawaambia," anasema. "Hizo nyingine mbili watu wake siwajui. Na leo wameingia wapya sita."

Simu ya meneja inaita mara tatu kabla hajapokea. Anasikiliza kwa sekunde chache tu.

"Wewe mama," anasema. "Umelilia kioo kibadilishwe, kimebadilishwa. Mkaguzi amesharidhika. Maandishi yangu yana kosa gani?" Na laini inakatika. Karakana haipokei, Ijumaa hufunga saa tisa. Kwa mkaguzi anapokea mlinzi, naye anasema Jumatatu.

Fundi Nukta anakaa. Kwa mara ya kwanza tangu tukutane, analia, bila sauti, huku akitazama ile namba nane isiyokamilika. "Mara ya kwanza nilimpa mtu neno la uongo kwa kukata," anasema. "Safari hii nimempa neno la kweli, wamelitia uongo kwa kuongeza. Na programu ni ile ile yangu. Nimeiandika vizuri. Haina kosa hata moja."

Mumewe anafuta mikono, anainuka na kuanza kupekua sanduku lake la kazi.

"Amesema ni rangi ya mafuta, juu ya kioo?" anauliza. "Msasa usichukue. Utakikwaruza, hata hilo neno lenyewe halitasomeka. Chukua wembe na mafuta ya taa. Loweka kwanza, hesabu mpaka mia, kisha kwangua kwa mlalo." Anampa wembe mpya, haujafunguliwa karatasi yake, na kichupa. "Dakika tano inatosha."

Dakika tano ndani ya lango ambalo hajawahi kulipita.

Mpango wake anao. Zamu ya asubuhi huingia saa kumi na mbili, wote kwa mlango mmoja mwembamba ulio kando ya lango, mmoja mmoja, wakipekuliwa mifuko. Kesho atakuwa pale saa kumi na moja na nusu, wembe na kichupa mfukoni iwapo mtu atamwonea huruma. Mlinzi anaweza kumzuia asiingie. Barabara si ya meneja, na hapo anaweza kusimama mpaka zamu zote tatu zimepita, na keshokutwa tena, mpaka Jumatatu.

Na atawaambia nini, watu sitini wenye usingizi, wenye haraka, wasiomjua, ambao hawana habari na nukta wala visanduku?

Anaufunga wembe ndani ya kitambaa, anaukunja mara mbili.

"Watanisalimia," anasema. "Watu wa zamu wana adabu, hawampiti mtu bila kumsalimia. Kila mmoja atasema, salama dada? Na mimi nitamjibu kila mmoja: hatari."